Kifundo cha kulia, kiuno cha kushoto: yoga kwenye mchanga wa Jambiani

"Assalaam alaykum daktari. Mimi ni mama wa miaka 43, nakaa Jambiani, Unguja, na kazi yangu ni mwani. Huu mwezi wa tatu mimi na wenzangu wanne tunafanya yoga pwani kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Anayetufundisha ni jirani yetu, alijifunza alipokuwa akifanya kazi hotelini. Tunatandika juu kidogo, karibu na mivinje, kwenye mchanga mlaini, tukielekea Paje ili jua lisitupige machoni. Nilianza kwa furaha na usingizi wangu umekuwa mzuri. Lakini sasa wiki ya tano kifundo cha mkono wa kulia kinauma nikiuegemea, na kiuno upande wa kushoto kinakaza mpaka jioni. Jirani anasema mwili unafunguka, nivumilie. Mamamkwe anasema ni baridi ya alfajiri. Mimi nilidhani mchanga ukiwa laini hauwezi kumuumiza mtu. Natumia dawa ya presha, mwaka wa pili huu. Na mwenzetu mmoja ametokwa na mstari mwekundu unaowasha kwenye unyayo, kila siku unasogea. Niache au niendelee?"

Waalaykum salaam, dada yangu. Sitakwambia uache. Nitakwambia ugeuze mkeka, uhame hapo mnapotandika, na uupumzishe mkono wako kwa wiki chache. Nitaeleza kwa nini, maana ukiijua sababu utaweza kujiamulia mwenyewe siku nyingine. Umeniita daktari, lakini mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, yule ambaye daktari humpelekea mgonjwa akishampima. Sijakushika mkono wala sijakuona ukiinama, kwa hiyo ninayosema nimeyajenga juu ya maelezo yako. Nashukuru umeyatoa kwa ukamilifu.

Kilichonifungua macho katika swali lako ni maneno mawili uliyoyataja kwa kupita tu: "tukielekea Paje." Nilichukua karatasi nikachora pwani ya Jambiani. Bahari mashariki, kijiji magharibi, Paje kaskazini. Mtu aliyeelekea Paje ana bahari mkono wa kulia. Na pwani, hasa hapo juu kwenye mchanga mkavu, huteremka kuelekea majini. Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miezi hii yote, upande wako wa kulia umekuwa chini na wa kushoto juu. Kifundo kinachouma ni cha kulia. Kiuno kinachokaza ni cha kushoto. Nashuku sana kwamba maumivu hayo mawili yana asili moja.

Tuseme mahali mnapotandika panashuka sentimita 10 kwa kila mita. Ukisimama miguu ikiwa imeachana sentimita 30, mguu wa kulia uko chini ya wa kushoto kwa sentimita 3. Si kitu kwa mtu anayepita njia. Lakini wewe unasimama hapo ukajinyoosha, ukainama, ukainuka, ukakaa katika mkao mmoja pumzi tano, asubuhi baada ya asubuhi. Fupanyonga linainama kulia. Kichwa hakikubali kuinama nalo, kwa sababu macho na masikio yanataka kukaa sawa na upeo wa bahari, basi uti wa mgongo unajikunja kurudi kushoto ili kichwa kisimame wima. Huko kushoto ndiko pingili zinakobanana na misuli inakokaza ili ikushikilie usianguke. Misuli ikishikilia hivyo saa nzima, jioni inakudai.

Mikono nayo ni vivyo hivyo. Mkiwa katika ule mkao wa ubao, au ule wa kuinua makalio juu mwili ukawa kama paa la nyumba, uzito wa kiwiliwili unateremkia upande wa chini. Kiganja cha kulia kinabeba zaidi ya mwenzake.

Usiniamini kwa maneno tu. Kesho chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze nusu, ilaze kwa upana wa mkeka wako. Maji yakijaa zaidi upande wa bahari kuliko upande wa kijiji, umeshaona mwenyewe mgongo wako unachokabiliana nacho kila siku.

Sasa nije kwenye mchanga wenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na hata baadhi ya wenzangu katika kazi hii. Tunauona mlaini, tunaufananisha na godoro. Ni kweli kwamba ukianguka hutaumia kama kwenye saruji. Lakini kuanguka ni kitu kimoja na kujiegemeza ni kitu kingine. Saruji ukiisukuma inakurudishia nguvu yako, mchanga mkavu unakimbia. Ndiyo maana kutembea kwenye mchanga mlaini kunakula nguvu za mwili mara mbili au zaidi ya kutembea njia ngumu kwa mwendo uleule. Wewe unajua hilo kwa miguu yako, umebeba mwani ukapanda nao kutoka majini. Kwa misuli ya nyayo na vifundo vya miguu kazi hiyo ni mazoezi mazuri. Kwa kiganja ni balaa.

Chumbani kwangu nina beseni la mchanga mkavu. Akija mtu mwenye kifundo kama chako, namwomba aweke kiganja na ajiegemeze kama anavyofanya pwani, kisha atoe mkono tutazame alama pamoja. Karibu kila mara ni alama ileile: ile sehemu nene ya kiganja iliyo jirani na kifundo imechimba shimo, na vidole vimekwaruza juu juu tu. Fikiria kilichotokea kwenye kifundo wakati shimo hilo linachimbika. Kwenye sakafu, mkono ukiwa wima juu ya kiganja, kifundo kimekunjika pembe mraba, na vifundo vya wengi wetu hufika hapo kwa shida. Kisigino cha kiganja kikizama, vidole vinabaki juu na kifundo kinapita pembe mraba. Mifupa midogo ya kifundo, ambayo ni 8, inabanana upande wa nyuma, kano za mbele zinavutika, na juu ya hayo yote uko uzito wa kiwiliwili. Kifundo kinachofanyiwa hivyo mara 20 kwa asubuhi hakina budi kulalamika.

Kwa hiyo neno la jirani yako kwamba mwili unafunguka, naomba tuliweke pembeni kwa heshima. Amewakusanya mama watano wakatoka nje alfajiri kujinyoosha, na hilo ni jambo kubwa. Hapa tu amekosea. Mnyoosho mwema unausikia katikati ya mnofu, kwenye paja au kwenye ubavu, kama kuvutwa, na ukiuachia unaondoka nao. Maumivu yanayokaa ndani ya kiungo, yanayochoma ukiegemea, yanayokufuata mpaka jioni na kuamka nawe kesho yake, hayo hayavumiliwi. Wiki tano ni nyingi. Kiungo kimeshasema mara kadhaa na hakijasikilizwa.

Na mamamkwe wako? Baridi ya Jambiani haiumizi uti wa mgongo, hata upepo wa kusi ukivuma kweli. Lakini ameona kitu cha kweli, ila sababu ndiyo nyingine. Kati ya pingili za mgongo kuna diski, mfano wa mito midogo ya kulalia yenye maji ndani. Mchana ukiwa umesimama maji hayo hukamuliwa kidogo kidogo, na usiku ukilala diski hunywa tena zikatuna. Ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Diski iliyotuna hukaza mgongo, na ukiinama sana kwa mbele inabanwa kwa nguvu zaidi kuliko ungeinama mchana. Saa ya kwanza baada ya kuamka si saa ya kujikunja mpaka kichwa kifike magotini. Mpe mamamkwe haki yake: alfajiri ni wakati wa kuwa mpole na kiuno. Anzeni kwa kutembea dakika kumi, zungusheni mabega na nyonga, na mikao ya kuinama iacheni mpaka mwishoni au iondoeni kabisa.

Siwezi kuusingizia ufuo peke yake. Wewe ni mkulima wa mwani. Tangu zao hilo lianze kulimwa kibiashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989, ni migongo ya wanawake iliyolibeba. Nimewashika viuno wengi wao: saa tatu au nne wameinama majini, miguu imenyooka, wanafunga mbegu kwenye kamba, kisha wanabeba gunia lililolowa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ratiba yako naiona hivi: saa kumi na mbili na nusu yoga yenye kuinama, saa tatu unashuka shambani kuinama tena mpaka maji yarudi. Kiuno kinapata zamu mbili mfululizo. Siku hizo fanya yoga isiyo na kuinama hata kidogo. Lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua makalio taratibu mpaka mwili unyooke kutoka mabegani mpaka magotini, shikilia pumzi mbili, shusha. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Zoezi hilo linaijenga misuli ya makalio ili iusaidie mgongo. Na ukiwa shambani piga magoti inapowezekana, na kila ukimaliza kamba moja simama wima, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma mara tatu.

Mhame wapi basi? Chini, kwenye mchanga uliolowa na kushindiliwa na maji, pale ambapo maji yametoka na pwani imekuwa tambarare. Hapo mteremko ni mdogo sana, na kiganja hakizami sana. Tatizo ni kwamba pwani hiyo haipatikani kila siku saa mnayoitaka, na hesabu yake unaijua kuliko mimi. Bamvua ikiwa kamili, mwezi mchanga au mwezi mpevu, maji yanapwa kiasi cha saa nne asubuhi, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Rudi nyuma siku nne kabla ya bamvua na utakuta maji yametoka karibu saa moja asubuhi: hizo ndizo siku zenu. Siku tatu nne baada ya bamvua ni kinyume chake, saa moja maji yamejaa mpaka juu na kilichobaki ni kile kipande chenye mteremko. Siku hizo tandikeni uani kwa mmoja wenu, kwenye sakafu au udongo uliopigwa. Najua uani hakuna upeo wala mawimbi, lakini mgongo wako hauangalii mandhari.

Ikibidi kubaki juu, basi mikeka isilale tena sambamba na maji. Ilazeni kichwa kikielekea kijijini na miguu ikielekea baharini. Mikono ikiwa upande wa juu, uzito unarudi miguuni na vifundo vya mikono vinapata nafuu, na jua litakuwa mgongoni mwenu, kwa hiyo ile shida ya macho imeondoka pia. Wanaopenda kuelekea bahari ili waone jua likichomoza wanafanya kinyume: wanaweka viganja bondeni na kuviongezea mzigo. Kuelekea nusu saa Paje na nusu saa Makunduchi, upande wa kusini, kunagawanya dhambi kwa pande mbili, hakuifuti.

Mkono wako nautakia wiki tatu bila kubeba mwili kabisa. Wenzako wakiweka viganja chini, wewe weka viwiko na mikono yote mpaka vidoleni, au simama ufanye mkao wa mti. Baada ya wiki tatu, kama kifundo kimetulia, rudi kidogo kidogo kwa njia hii: kunja kanga mara kadhaa iwe kama kabari, iweke chini ya ile sehemu nene ya kiganja, vidole vibaki chini mbele yake. Kiganja kikiinuka hivyo, kifundo hakikunjiki mpaka mwisho. Kisha bonyeza kwa vidole kana kwamba unataka kuukamata mchanga. Anza kwa kupiga magoti, uzito nusu, pumzi tatu tu. Likirudi lile chomo, umekwenda haraka. Na kumbuka mkono huohuo unafunga mbegu za mwani, kwa hiyo siku ya kazi nyingi shambani ni siku ya kuupumzisha pwani.

Kuhusu presha, endelea na dawa, na endelea na mazoezi. Mambo matatu tu. Usikae muda mrefu katika mikao ya kichwa chini kuliko moyo mpaka upimwe na kuambiwa presha yako imetulia. Ukiinuka kutoka kulala, geuka ubavu, kaa kidogo, ndipo usimame, maana baadhi ya dawa hizo humfanya mtu aone kizunguzungu akiinuka ghafla. Na kunywa maji kabla ya kutoka, hasa wakati wa kaskazi ambapo hata asubuhi joto na unyevu vinamtoa mtu jasho. Kama dawa yako ni ya kukojosha, muulize aliyekuandikia unywe maji kiasi gani siku za mazoezi.

Mwenzenu mwenye mstari unaowasha aende kituo cha afya wiki hii, asiupake mafuta ya taa wala kuuchoma. Maelezo yako yanafanana sana na viluwiluwi vya minyoo ya safura ya mbwa na paka. Wanyama hao wakijisaidia kwenye mchanga, mayai huanguliwa penye joto, unyevu na kivuli, na viluwiluwi huingia kwenye ngozi ya aliyekanyaga au kukalia hapo. Ndani ya mtu hawawezi kukomaa, basi hutambaa chini ya ngozi wakichora mstari huo. Dawa ipo, ni ya vidonge, na inafanya kazi vizuri. Angalia mahali walipo: chini ya mivinje, juu ya mstari wa maji, ndipo mnapotandika. Kwenye mchanga unaosafishwa na maji kila siku shida hiyo ni ndogo, kwa hiyo kuhama chini kunawakinga na hili pia. Mkibaki juu, kaeni juu ya mkeka mzima, si juu ya kanga nyepesi, na muoshe miguu mkimaliza.

Nikupe na ukweli wa upande wa pili, ili usidhani ninaikataa yoga. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kiliitaja yoga miongoni mwa njia za kuanza nazo kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, kabla ya vidonge. Inasaidia kwa kiasi, haishindi sana mazoezi mengine, lakini lililo bora ni lile mtu analolifanya kila siku. Wewe umelifanya miezi mitatu na usingizi umerudi. Mama wa miaka 43 mwenye presha anayelala vizuri na kutembea asubuhi na wenzake, sina dawa ya kumpa inayozidi hiyo.

Nipe wiki mbili za mkeka uliogeuzwa kwa kiuno na tatu za mapumziko kwa mkono. Kiuno kikilegea ndani ya muda huo, tumempata mwenye makosa. Kisipolegea, au kifundo kikibaki vilevile, nenda ukapimwe. Anzia Hospitali ya Makunduchi iliyo jirani nawe, na wakiona haja watakuelekeza Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini.

Usingoje wiki mbili ukiona lolote kati ya haya. Kwa mkono: uliuangukia na sasa umevimba, au ukibonyeza kile kishimo kilicho chini ya kidole gumba kinauma sana, maana huko kuna mfupa mdogo unaoweza kuvunjika bila kuonekana. Au dole gumba, kidole cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, hasa usiku. Kwa kiuno: maumivu yanashuka mguuni mpaka chini ya goti na mguu unalegea, homa, kukonda bila sababu, au maumivu yanayokuamsha usiku hata ukiwa umetulia. Na ukipata ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, au mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo, usiku au mchana. Kifua kubana au kichwa kuuma ghafla kwa ukali wakati wa mazoezi ni hivyohivyo.

Ukifika hospitali usiseme tu kwamba mgongo unauma. Mwambie anayekupima ulikuwa ukitandika wapi, ukielekea wapi, saa ngapi unaingia shambani, na bahari ilikuwa mkono gani.